Kabla Kengele Hazijalia: Baba, Mama na Tohara ya Kijana Wao

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia, eneo la Bungoma. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali.)



Wazee wetu, akina mama wa vikundi, na nyinyi vijana mnaosikilizia dirishani, karibuni ndani, viti vipo. Tunajua mmeacha palizi, kwa hiyo hatutawachelewesha.

Tumekuja kuzungumza juu ya tohara ya wavulana. Mzee mmoja alitusimamisha pale nje akatuuliza, "Nyinyi watu wa ofisi ya maendeleo, mtatufundisha nini juu ya kutahiri? Sisi tulikuwa tukitahiri kabla misheni haijajengwa." Tulimjibu kwamba ni kweli. Hatukuja kumfundisha mtu wa Bungoma namna ya kufunga kengele. Mambo ya sherehe mnayajua kutuliko sisi: nani anaalikwa, kijana anapita njia gani kwenda mtoni, matope yanapakwa vipi, rika lake litaitwaje. Hata mtoto wa miaka saba hapa anaweza kutusimulia. Sisi tunataka kuuliza swali dogo tu. Katika nyumba yako, nani anaujua vizuri mwili wa huyu mtoto? Na je, kabla ya kisu, huyo aliulizwa?

Tuseme jambo moja mapema ili tusichanganye mambo. Leo ni habari ya wavulana peke yake. Kukeketa msichana ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2011, hata kama anayefanya ni daktari mwenye koti jeupe, na Kanisa linakataa. Hilo halina mjadala. Pia tutataja viungo vya mwili kwa majina yake, wazee watuwie radhi.

Karatasi mbili

Tulipokuwa tukizunguka kwenye vikundi tulifanya zoezi moja. Tuliwatenga wanaume upande mmoja wa mti na wanawake upande mwingine, tukawapa kila upande karatasi kubwa na kalamu. Swali lilikuwa: mzazi anahitaji kujua nini kabla kijana wake hajatahiriwa?

Karatasi ya wanaume ilijaa haraka. Waliandika ng'ombe, busaa, wageni, omukhebi ni wa ukoo gani na mkono wake ukoje, nani atamlinda kijana usiku asitishwe, nani atasimama karibu naye. Karatasi ya akina mama ilikuwa fupi. Unga, kuku, maji, matandiko. Tukawaambia hapana, hayo ni ya jikoni, andikeni mnachokijua juu ya mtoto mwenyewe. Hapo ndipo kalamu ilianza kukimbia.

Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe alipong'oka jino alitokwa na damu siku mbili. Mwingine, mtoto wake ana selimundu na baridi ikimshika viungo vinamuuma mpaka analia. Mwingine, kijana alidungwa sindano ya penisilini akavimba uso na kushindwa kupumua. Mwingine aliandika kwa herufi ndogo sana, mpaka tukainama kusoma, kwamba mtoto wake hakojoi mbele kama wengine, tundu liko upande wa chini. Hajawahi kumwambia mtu tangu alipomwogesha siku ya kwanza.

Tuliporudisha pande zote mbili pamoja na karatasi ikasomwa bila majina, pakawa kimya. Halafu mzee mmoja akajua kwamba ni wa kwake anayesemwa. Akamgeukia mkewe: "Na mbona hukuniambia?" Mama akamjibu, kwa heshima lakini wote tulisikia: "Baba watoto, uliniuliza lini?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu tulikumbuka ya kwetu.

Sisi pia tulikosea

Mwaka 2014, kabla ya Agosti, ofisi yetu ilifanya semina ya siku mbili juu ya tohara salama. Tuliwaita watahiri, akina baba na wazee wa vijiji. Tulifundisha kisu kimoja kwa kijana mmoja, tulionyesha namna ya kuvaa glavu, tulitoa nyembe mpya. Ilikuwa semina nzuri. Akina mama nao tuliwaita. Tuliwaomba watupikie.

Agosti hiyo hiyo, katika familia ya mwanachama wa kikundi tunachokijua vizuri, kijana wa miaka 11 alitahiriwa alfajiri. Kisu kilikuwa kipya, mtahiri alikuwa ameketi katika semina yetu, kila kitu kilifanywa kama tulivyosema. Lakini damu haikukoma. Waliweka dawa za miti, baadaye jivu, baadaye wakafunga kwa uzi. Mama yake alikuwa ndani ya nyumba kama desturi inavyomtaka. Alisikia vigelegele, akasikia nyimbo zinapungua, akasikia watu wanaitana kwa sauti ya chini. Alipotaka kutoka aliambiwa atulie, hiyo ni shughuli ya wanaume.

Jioni kijana alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya wanaume wawili. Mahali pa kwanza walipofika waliambiwa damu ya kuongeza haipo, wasubiri. Wakasubiri usiku kucha. Siku ya pili ndipo alipopelekwa hospitali kubwa. Njiani nyanya yake, mama ya mama, alisema maneno ambayo hakuna mtu alikuwa ameyasikia katika boma lile: kaka yake alikufa vivyo hivyo, alitokwa na damu mpaka akaisha, na watu wakasema ni uchawi wa shangazi.

Haukuwa uchawi. Ni ugonjwa unaoitwa himofilia. Damu ya mtu mwenye ugonjwa huu inakosa kitu kinachoifanya igande. Kijana alipona, baada ya kuongezewa damu na kupewa dawa ya kugandisha, na baada ya familia kuuza ng'ombe wa maziwa. Leo ni mtu mzima, anashona nguo sokoni. Mama yake alituambia neno ambalo tumetembea nalo mpaka leo: "Mimi nilijua tangu jino la kwanza kwamba huyu damu yake si kama ya wengine. Hakuna aliyenialika mahali nikasema."

Na sisi wa ofisi tulikuwa tumemweka jikoni.

Kwa mjomba kuna zaidi ya nyama

Sasa sikilizeni jambo hili, maana linatushangaza kila mara. Himofilia inapita kwa mama. Mama mwenyewe mara nyingi haonekani mgonjwa, bali anaweza kumpa mwanawe wa kiume. Kwa hiyo ukitaka kujua kama iko, usiangalie ukoo wa baba. Angalia kaka za mama, angalia wajomba wa mama, angalia watoto wa kiume wa dada zake.

Na desturi yenu inampeleka kijana wapi kabla ya kutahiriwa? Kwa khocha, mjomba wake, kaka ya mama. Huko anachinjiwa, anavalishwa ile nyama ya kidari shingoni, anarudi nyumbani. Kati ya watu wote katika ukoo, anapelekwa kwa yule hasa anayeweza kujibu swali la damu! Hatusemi wazee wa zamani walijua habari ya himofilia. Tunasema nafasi ipo tayari, haihitaji semina wala posho. Baba anapokwenda kupanga siku na mashemeji, aulize: "Hapa kwenu, kuna mwanamume aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma? Kuna aliyekufa jandoni? Kuna mtoto ambaye magoti yanavimba akianguka kidogo tu?"

Mkisikia ndiyo, msiendelee kwa kisu. Mpelekeni kijana hospitali damu yake ipimwe. Hospitali ya Rufaa ya Moi, kule Eldoret, ina kliniki ya himofilia. Mkisikia hapana, bado mwulizeni mama habari ya meno na ya majeraha, kwa sababu karibu theluthi moja ya wenye ugonjwa huu hawana mtu mwingine katika ukoo aliyekuwa nao.

Yule kijana alikuwa na mdogo wake. Mama alimpeleka akapimwa, akakutwa na ugonjwa ule ule. Mwaka 2018 alitahiriwa hospitalini, madaktari wakimpa dawa ya kugandisha kabla na baada. Mjomba alichinja. Kengele zililia. Watu waliimba mpaka lango la hospitali, askari wa lango akawaomba wapunguze sauti. Hakuna jirani tunayemjua anayemwita omusinde.

Mambo mengine ambayo mama anayajua

Yule mtoto ambaye tundu la mkojo liko chini: huyo asitahiriwe kabisa kabla hajaonwa na daktari mpasuaji. Ile ngozi ya mbele ndiyo daktari anayoitumia kumtengenezea njia nzuri ya mkojo. Ikikatwa na kutupwa, kazi inakuwa ngumu sana. Baba anaweza kuishi na mtoto miaka kumi bila kujua. Mama anajua, lakini anaogopa ataambiwa amezaa mtoto mwenye kasoro. Akina mama, semeni. Si kosa lako wala si laana.

Selimundu iko nyingi upande wetu huu wa magharibi. Mtoto mwenye selimundu huumizwa na baridi, na kiu, na uchovu. Sasa fikirieni siku yenyewe: kijana amecheza usiku wote, hakulala, pengine hakunywa maji, alfajiri anaingizwa mtoni na kupakwa matope baridi. Kwa mtoto mwingine huo ni ujasiri. Kwa huyu ni kumtafutia maumivu makali na hata kifo, kabla kisu hakijamgusa. Atahiriwe kwa mpango wa hospitali anakopata dawa zake, akiwa amelala vizuri na kunywa maji.

Halafu pepopunda. Hii tunaisisitiza kwa watoto wote, wenye afya na wasio na afya. Mtoto hudungwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, na pepopunda imo humo ndani. Lakini nguvu ya chanjo hupungua miaka ikipita. Msichana akikua na kupata mimba, nesi wa kliniki atamdunga tena. Kijana hapati mimba, nani atamkumbuka? Basi mpelekeni dispensari akadungwe angalau wiki mbili kabla ya siku yake. Leteni na kile kijitabu cha kliniki, ambacho mara nyingi mama amekificha ndani ya sanduku. Viini vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kwenye samadi, na kidonda kibichi ni mlango wazi. Kama matope lazima yawepo, sehemu ya kukatwa ioshwe kwa maji safi na sabuni kabla ya kisu, na baada ya kisu pasiguswe na udongo, jivu wala samadi.

Hospitali nayo iulizwe

Wengine mtasema, basi jibu ni rahisi, twende hospitali. Tungependa iwe rahisi hivyo. Kuna utafiti uliofanywa hapa hapa Bungoma ukachapishwa mwaka 2008 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Walifuatilia wavulana zaidi ya elfu moja. Katika kila 100 waliotahiriwa kienyeji, kama 35 walipata madhara: damu nyingi, usaha, kidonda kisichopona, wengine kukatwa vibaya. Katika kila 100 waliotahiriwa na watu wa hospitali na kliniki, madhara yalikuwa kwa kama 18. Ni nusu, na ni afadhali, lakini 18 si kitu cha kujivunia. Na kliniki za watu binafsi zilikuwa mbaya kuliko za serikali. Tangu wakati huo wahudumu wengi wamepata mafunzo zaidi, ila somo lile lingali na maana: koti jeupe peke yake halitoshi. Uliza huyu amejifunza wapi kutahiri. Uliza vyombo vimechemshwa vipi. Uliza kama atachoma ganzi, na kama utamrudisha kijana akaguliwe siku ya pili na baada ya wiki. Akikasirika kwa sababu umemuuliza, mchukue mtoto wako mwende.

Kuna familia zinazofuata njia ya katikati. Kengele, mjomba, mto na nyimbo vinabaki, lakini anayesubiri uani alfajiri ni klinikal ofisa na vyombo vyake, au ni mtahiri wa ukoo aliyepewa mafunzo, na nesi yuko karibu. Sisi hatuoni ubaya. Wazee wengine wanaona, na tumekaa nao tukabishana mpaka chai ikapoa.

Umri, na aibu

Zamani kijana ndiye aliyeomba mwenyewe. Alikuwa mkubwa, ana sauti nzito, baba anamkatalia mara mbili tatu kwanza amjaribu. Siku hizi tunaona watoto wa miaka minane na tisa wakizungusha kengele. Tukiwauliza wazazi, wanatupa sababu ambazo tunazielewa. Gharama: ndugu watatu wakatahiriwe siku moja, ng'ombe awe mmoja. Shule: asije akachekwa huko chooni na wenzake. Na ile kwamba msimu ni kila mwaka wa shufwa, ukimkosa Agosti hii utangoja miaka miwili.

Tunazielewa, lakini mtoto wa miaka minane hajui anachokubali. Tena akiumia hasemi, kwa sababu amefundishwa kwamba anayesema "naumwa" si mwanamume. Tumemwona mmoja akikaa siku nne na uzi umefungwa kwenye kidonda, ncha ya uume ikiwa inageuka rangi, na amenyamaza kimya kwa ujasiri. Ni baba mdogo aliyemfunulia shuka. Angechelewa siku moja zaidi, hatujui.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu. Tunawaambia si kwa kuwatisha, bali mjue. Yale mambo ya vijana kumkamata mtoto wa jirani sokoni na kumkata kwa sababu baba yake ni wa kabila lisilotahiri ni kosa, na hakuna desturi inayoliosha.

Juu ya Ukimwi tuseme kwa kifupi kwa sababu mmeshasikia mengi. Ni kweli kwamba tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi na mwanamke, kwa karibu asilimia 60, na kwa sababu hiyo serikali ilianza mpango wake mwaka 2008. Kupunguza si kuzuia. Na kijana asidanganywe na wenzake kwamba akitoka jandoni lazima "ajaribu". Kidonda kibichi ni hatari zaidi kuliko kabla hajakatwa. Tena kisu kimoja kikipita kwa vijana watano, ile ile tohara inayosemwa ni kinga inakuwa njia ya kuwaambukiza.

Mwezi mmoja baada

Hapa ndipo tunapoteza watoto, wakati wageni wameondoka na sufuria zimeoshwa. Kijana yuko kwenye nyumba yake na walezi wake ambao pengine wana miaka 17. Mama anapeleka chakula mpaka mlangoni na kurudi.

Tunaomba mtu mzima mmoja, baba au mjomba, akitazame kidonda kwa macho kila siku. Asiulize tu "uko sawa?" kwa sababu jibu ni "niko sawa". Atazame. Kijana anywe maji ya kutosha, hii habari ya kumnyima maji ili asikojoe haina faida yoyote. Damu ikitoka, ibanwe kwa kitambaa safi kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kufunua funua. Isipokoma, ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Uzi usifungwe kuzunguka kamwe. Kama tangu alfajiri mpaka jioni hajakojoa, ni hospitali. Ncha ikiwa nyeusi au ya samawati, ni hospitali. Harufu mbaya, usaha, homa, ni hospitali. Na kuanzia siku ya tatu mpaka wiki ya tatu, akisema taya zinakaza, shingo ngumu, hawezi kumeza, msimpeleke kwa mganga kuondoa pepo. Jina lisiwadanganye. Hiyo ni pepopunda na inaua.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: Kanisa linasema tohara ni lazima au si lazima?

Tulijibu kwamba Bwana wetu alitahiriwa siku ya nane, Luka ameandika. Lakini Mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo sura ya 15, waliamua kwamba wapagani wanaoongoka wasitwikwe mzigo huo. Kwa hiyo kwa wokovu si lazima, na kama desturi ya watu haikatazwi. Kanisa linataka uhai na heshima ya mtoto. Ulevi wa usiku kucha na matusi ya nyimbo nyingine, hayo padre amewaambia mara nyingi, sisi hatuna la kuongeza.

Kijana wa dirishani aliuliza: Aliyetahiriwa hospitali ni mwanamume kamili?

Wazee walicheka. Tulimwacha mzee wa kanisa ajibu, yeye wa Nyange. Alisema yeye alisimama uani bila kupepesa jicho, na miaka kumi iliyofuata alikuwa mlevi asiyelipa karo ya mtoto hata mmoja. Akaketi.

Mzee yule aliyetusimamisha nje aliuliza swali gumu kuliko yote: "Mkisema mama aulizwe, na mama akasema mtoto asitahiriwe mwaka huu, mimi nitawaambia nini watu? Wageni wameshaalikwa."

Tulimwambia ndiyo maana tumekuja wakati wa palizi na si mwishoni mwa Julai. Kengele zikishalia, hakuna mzazi mwenye nguvu ya kusimamisha. Mtoto ameshazunguka kwa jamaa, mjomba amefunga ng'ombe, baba ataona afadhali hatari kuliko aibu. Mazungumzo ya baba na mama yafanyike sasa, usiku, mlango umefungwa, kabla mtoto hajapewa kengele. Hapo mama akisema "bado", hakuna mgeni anayejua. Mzee alitikisa kichwa kidogo. Hatukuelewa kama ni kukubali au ni kusikitika, lakini alibaki mpaka mwisho.

Mwisho kikundi cha akina mama cha kule chini kilitueleza mpango wao, nasi tunauandika hapa ili wengine wauone. Katika ule mzunguko wa kila wiki wameanza kutenga fedha kidogo pembeni, kwenye kisanduku chao chenye kufuli. Ni za pikipiki au gari la kumkimbiza kijana usiku, na za glavu. Ufunguo mmoja uko kwa mwekahazina, mwingine kwa mzee wa kijiji, kwa sababu waume walilalamika kwamba hawajulishwi. Kisanduku hakifunguliwi kwa sababu ya busaa hata kidogo.

Vikundi vinavyotaka zoezi la karatasi mbili vije ofisini baada ya Misa ya pili Jumapili kupanga siku. Kila mama aje na kijitabu cha kliniki cha mtoto, na akina baba tunawaomba waje wenyewe, wasitume kaka zao.